Kupunguza bamba la akriliki hadi kipimo bila nyufa wala kingo zilizoyeyuka

Vipande vya akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, ninavyoletewa nivitazame hufanana sana. Ukingo mmoja umemeguka-meguka, mwingine umeyeyuka ukaganda kama nta ya mshumaa, na kwenye kona kuna ufa uliotambaa mpaka katikati. Mwenye kipande karibu kila mara huamini kwamba aliuziwa bamba bovu au msumeno wake ni butu. Mara nyingi bamba ni zima na msumeno unakata vizuri. Tatizo ni kwamba alitaka ukingo wa mwisho utoke kwenye mkato wa kwanza.

Kwa vifaa vya nyumbani, akriliki haikubali hivyo. Kazi hii ina awamu mbili. Kwanza unakata: unatenga kipande kikiwa kikubwa kidogo kuliko kipimo. Halafu unapunguza: unaila ile ziada taratibu mpaka kwenye mstari. Ukizitenganisha awamu hizo, mkato wa kwanza unaweza kuwa mbaya kiasi na usikudhuru chochote.

Mfano nitakaoufuata ni kifuniko cha kisanduku, milimita 300 kwa 200, chenye unene wa milimita 4. Hatua ni zilezile kwa kioo cha fremu ya picha, kinga ya mashine au rafu ndogo.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa kila njia utahitaji:

- rula ndefu ya chuma, na guni, au skwea kama mafundi wengi wanavyoiita
- kalamu ya wino ya kuandikia juu ya plastiki
- klampu zisizopungua nne na vipande vya plaiwudi chakavu
- tepu ya karatasi, na tepu yenye gundi pande mbili
- msasa wa maji namba 180, 320, 600 na 1000, pamoja na kipande cha mbao bapa cha kuuzungushia
- miwani ya kinga na barakoa ya vumbi

Kwa kukata, chagua kimoja: kisu cha kukwaruzia plastiki, jigso (msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka), au msumeno wa mviringo.

Kwa kupunguza, ruta (mashine ya mkononi inayozungusha biti, yaani kikatio, ili kuchonga kingo) yenye biti iliyonyooka ya kabaidi, ile ncha ngumu sana, na beringi, kigurudumu kinachoiongoza biti, ndiyo bora. Asiye na ruta atumie randa kali au tupa laini. Atafika palepale, ila atatumia muda zaidi.

Usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea unapotumia chombo kinachozunguka. Miwani ni lazima hata kwa kisu, kwa sababu akriliki ikivunjika hurusha vipande vyenye ncha kali.

## Hakikisha kwanza kwamba ni akriliki

Kuna plastiki nyingine inayofanana nayo sana, polikaboneti. Chukua ukanda mwembamba wa kutupa, uushike kwa koleo na kuukunja ukiwa umevaa miwani. Akriliki itakatika ghafla. Polikaboneti itapinda kama bati. Ukijaribu kukwaruza polikaboneti na kuivunja utahangaika bure, maana haivunjiki hivyo.

Akriliki yenyewe ina aina mbili: ya kumiminwa kwenye kalibu, na ya kusukumwa na mashine kupitia tundu bapa. Ya kumiminwa huvumilia zaidi joto la msumeno na hutoa chenga kavu. Ya kusukumwa ni rahisi kuyeyuka na chenga zake hunata. Kama muuzaji hajui anachouza, kata kidogo kwenye kona ya ziada na utazame chenga. Zikitoka kama nyuzi zinazoshikamana, kila onyo kuhusu joto hapa chini lizingatie mara mbili.

## Hatua ya 1: Chora bila kung'oa ganda

Bamba huja na ganda la karatasi au nailoni pande zote mbili. Liache mpaka mwisho wa kazi. Linazuia mikwaruzo ya meza na ya soli ya mashine, na linakupa mahali pa kuchora. Niliwahi kung'oa ganda la bamba zima ili nione vizuri ninachokata. Chenga zilizoingia chini ya jigso zilichora uso wote wa bamba, na sikuweza kuurudisha.

Chora mistari miwili. Wa ndani ni kipimo chako halisi, 300 kwa 200. Wa nje upo milimita 2 kutoka kwa huo wa ndani kila upande, kwa hiyo una 304 kwa 204. Msumeno utafuata mstari wa nje. Wa ndani ni wa ruta au randa peke yake.

Kama ganda ni la nailoni nyembamba inayoteleza, bandika tepu ya karatasi juu ya njia ya msumeno na uchore juu ya tepu. Tepu pia hupunguza kumeguka kwa uso wa bamba.

## Hatua ya 2: Kata nje ya mstari

Akriliki ina maadui wawili, joto na mtikisiko. Huanza kulainika kwenye nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho meno ya msumeno hukifikia kwa sekunde chache tu. Tena haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la msuguano halisambai, linabaki palepale. Mtikisiko nao ndio huanzisha nyufa. Bamba likipigapiga juu ya meza, kila pigo hulipasua kidogo mahali jino linapouma.

Kwa sababu hiyo, njia yoyote utakayochagua, bamba lilale juu ya plaiwudi, libanwe, na lisibaki na sehemu ndefu inayoning'inia.

### Kwa kisu (bamba lisilozidi milimita 4)

Kisu cha kukwaruzia kina ncha iliyopinda kama kucha. Hicho hung'oa uzi wa plastiki na kuacha mfereji. Kisu cha kawaida cha kukatia karatasi husukuma plastiki pembeni tu. Kama hicho ndicho ulicho nacho, geuza wembe na utumie mgongo wa ncha yake.

Bana rula kwenye mstari wa nje. Kwaruza mara ya kwanza bila kukandamiza, ili ncha ipate njia yake. Kisha ongeza nguvu kidogo kidogo, ukianzia nje ya ukingo mmoja na kutokea nje ya ukingo wa pili. Kwa milimita 3, mikwaruzo minane hadi kumi hutosha. Kwa milimita 4, kwaruza pande zote mbili. Endelea mpaka mfereji ufike karibu theluthi moja ya unene. Wanaoshindwa kwa njia hii karibu wote hukwaruza mara tatu na kukimbilia kuvunja, kisha ufa unaacha mstari na kukimbilia kipande chenyewe.

Sasa weka mfereji sambamba na ukingo wa meza, mfereji mkuu ukitazama juu na sehemu ya kutupa ikiwa nje. Lalisha ubao ulionyooka juu ya kipande chako, urefu wote, na uubane. Sukuma ile sehemu ya nje chini kwa pigo moja la haraka, viganja vikiwa vimetandazwa. Ukisukuma polepole, ufa hupata muda wa kupotea njia.

Usijaribu kuvunja ukanda mwembamba kuliko milimita 40 hivi, kwani hautakupa pa kushika. Huo ukate kwa msumeno.

### Kwa jigso

Chagua wembe wenye meno 10 hadi 14 kwa kila milimita 25. Meno makubwa humegua, na meno madogo mno hujaa chenga na kuyeyusha. Zima ule mwendo wa wembe kuchezea mbele na nyuma, na weka kasi ya wastani.

Washa mashine kabla wembe haujagusa bamba. Sukuma kwa mwendo usiobadilika na usilazimishe. Kila sentimita 15 hivi, simama na utazame nyuma ya wembe. Kama mkato unajifunga tena na kushikamana, joto limezidi: punguza kasi ya mashine, ngoja wembe upoe, na pangusa chenga. Usimwage maji kwenye chombo cha umeme.

Bamba la milimita 4 hutikisika sana chini ya jigso. Libane katikati ya vipande viwili vya plaiwudi na ukate vyote vitatu kwa pamoja. Ni kazi ya ziada ya dakika tano, na sijaona kitu kingine kinachobadilisha mkato wa jigso kiasi hicho.

### Kwa msumeno wa mviringo

Hii ndiyo njia safi zaidi kwa mikato mirefu, alimradi diski iwe sahihi. Kwa diski ya milimita 250, tafuta ya meno 60 hadi 80 yenye ncha za kabaidi, yasiyoinama mbele. Diski ya kupasulia mbao yenye meno machache italirarua bamba.

Shusha diski ipite chini ya bamba kwa milimita chache tu. Msumeno wa kushika mkononi hukata ukipanda juu, kwa hiyo upande mzuri utazame chini. Wa mezani hukata ukishuka, hivyo upande mzuri utazame juu. Simama pembeni ya njia ya diski, usisimame nyuma yake.

Ukifanikiwa: una kipande cha 304 kwa 204 hivi, kingo zenye alama za meno, pengine zimemeguka kidogo, lakini hakuna ufa uliovuka mstari wa ndani. Hicho tu ndicho unachotafuta hapa. Kama plastiki iliyoyeyuka imeganda ukingoni, iache ipoe kabisa, kisha ikwanyue. Ukiivuta ikiwa moto itaondoka na nyama ya bamba.

## Hatua ya 3: Punguza hadi mstari wa ndani

Tulia hapa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo ukingo wako halisi unapozaliwa.

### Kwa ruta na kiolezo

Tengeneza kiolezo cha plaiwudi ya milimita 9 au 12 chenye kipimo kamili, 300 kwa 200. Beringi ya biti itatembea juu ya ukingo wa kiolezo hiki na kunakili kila kitu, pamoja na kishimo kidogo usichokiona. Pitisha kidole kwenye kingo zake zote. Unachokisikia kwa kidole kitaonekana kwenye akriliki. Piga msasa, ziba mashimo, na hakiki pembe kwa guni kabla ya kuendelea.

Bandika kiolezo juu ya bamba kwa tepu ya pande mbili, kikifuata mstari wa ndani. Gundi iguse ganda, isiguse akriliki yenyewe. Sasa ziada inachungulia milimita 2 kila upande. Ikizidi 3 mahali popote, rudi kwenye msumeno. Biti inayolazimishwa kula ziada kubwa hupata joto, hung'ata, na inaweza kukunyang'anya mashine.

Rekebisha kina ili beringi iguse kiolezo na makali yafunike unene wote wa akriliki. Bana kila kitu mezani.

Mwelekeo ni jambo la usalama. Ukizunguka nje ya kipande, ruta ishikwe mkononi na isukumwe kinyume cha mwendo wa saa ukitazama kutoka juu. Kwenye tundu la ndani, fuata mwendo wa saa. Hivyo makali hupambana na mwendo wako na mashine inabaki chini ya mamlaka yako. Ukienda upande usiofaa, biti hupanda juu ya ukingo na kukimbia nao.

Sasa mwendo. Wengi huogopa na kwenda polepole mno wakidhani huo ndio uangalifu. Biti inayokawia mahali pamoja inasugua bila kukata, na inayeyusha. Tafuta mwendo ambao chenga zinaruka kavu, kama chumvi ya mawe. Zikitoka kama nyuzi laini zinazonata kwenye biti, ongeza mwendo wa mkono au punguza mzunguko wa mashine. Ukisikia kelele ya kukwaruza na ukaona ukingo unameguka, unakimbia mno.

Usisimame katikati ya ukingo. Ukilazimika kusimama, ondoa biti kwanza, kwani ikizunguka mahali pamoja hata kwa sekunde mbili itaacha kovu. Jaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa mpaka sikio lako lijue sauti ya mkato mzuri. Nami bado hufanya hivyo kila ninapobadilisha unene wa bamba.

Mzunguko wa kwanza ule karibu ziada yote, na wa pili upite kwa wepesi, beringi ikiegemea kiolezo mwanzo hadi mwisho. Huu wa pili ndio unaosafisha.

### Kwa randa au tupa

Bana bamba kati ya mbao mbili zilizonyooka, mstari wa ndani ukiwa sawasawa na uso wa mbao hizo, na ziada ikichungulia juu. Mbao zinakuongoza na zinazuia mtikisiko.

Randa iwe kali kweli na wembe utokeze kidogo mno, uondoe uzi mwembamba wa plastiki. Anzia kila mwisho ukielekea katikati, ili usimegue kona. Kwa tupa, isukume kwa mshazari ukifuata urefu wa ukingo, upande mmoja tu, bila kuirudisha huku ikiwa imegusa. Tupa ikikatisha ukingo moja kwa moja huumegua upande wa kutokea. Ipige brashi mara kwa mara.

Ukifanikiwa: ukingo una rangi moja ya ukungu, kama kioo kilichopulizwa pumzi, mwanzo mpaka mwisho. Guni haioneshi mwanga. Ukiona sehemu inayong'aa kama imelowa, hapo pameyeyuka. Pitisha ruta au tupa tena kwa wepesi kabla ya kwenda kwenye msasa, kwani msasa utaifunika tu.

## Hatua ya 4: Matundu na kona za ndani

Kama kifuniko kina sehemu iliyochongwa ndani, usikutanishe mikato miwili kwenye kona kali. Ncha hiyo hukusanya nguvu yote ya bamba, na ufa utaanzia hapo hata wiki kadhaa baadaye. Toboa kwanza tundu la milimita 6 au zaidi mahali pa kona, kisha kata kuelekea kwenye tundu hilo.

Kutoboa ndiko kunakovunja mioyo zaidi, kwa sababu huja kazi ikiwa karibu kwisha. Biti ya kawaida ya chuma hukata vizuri mpaka inapokaribia kutokea chini. Hapo hushika bamba, hulivuta juu na kulipasua. Weka plaiwudi chini na ubane kwa nguvu, tumia kasi ndogo, na punguza mkandamizo kabisa katika milimita ya mwisho. Kwa mabamba membamba, biti ya ngazi, yenye umbo la koni lililokatwa vidato, ni salama zaidi kwa mbali, maana hupanua tundu kidogo kidogo.

Kitovu cha tundu kiwe mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo chake. Tundu la skrubu lizidi skrubu kwa milimita 1.5 hadi 2. Usitumie skrubu yenye kichwa cha koni, kwani hupanua tundu kama kabari. Tumia yenye kichwa kilicho bapa upande wa chini, pamoja na washa (kile kipete bapa cha kuweka chini ya kichwa), na uikaze kwa mkono.

## Hatua ya 5: Msasa na kung'arisha

Amua kwanza ukingo huu ni wa kuonekana au wa kugundishwa.

Ukingo wa gundi unahitaji unyoofu, hauhitaji kung'aa. Upige msasa namba 320 juu ya mbao bapa na uishie hapo. Ukiendelea kuung'arisha utaviringisha pembe zake, na gundi itaacha mapovu.

Ukingo wa kuonekana uanze na 180 ikiwa tu bado una alama za meno. Baada ya ruta nzuri unaanzia 320, kisha 600, kisha 1000. Tumia maji yenye tone la sabuni, yapoze ukingo na kuondoa unga. Badilisha mwelekeo wa mkono kila unapobadilisha namba, na usisonge mbele mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe yote. Pangusa ukingo na uutazame ukiwa mkavu, kwa sababu maji huficha mikwaruzo. Watu huruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini polishi imeonesha michirizi ambayo hawakuiona.

Malizia na polishi ya plastiki kwenye kitambaa cha pamba. Ukitumia gurudumu la kung'arishia, gusa na kuachia, usikandamize.

Kuhusu kupitisha moto wa gesi ukingoni, ushauri wangu ni kuacha. Ni kweli ukingo hung'aa kwa sekunde chache, lakini joto huacha mvutano ndani ya plastiki. Siku utakapoigusisha gundi ya kuyeyushia au spiriti, nyufa ndogondogo zitatapakaa kama utando wa buibui. Na akriliki huwaka.

## Hatua ya 6: Ng'oa ganda, osha, jaribisha

Inua kona moja ya ganda na uliviringishe kwenye bomba la karatasi ngumu. Litatoka kwa mkupuo mmoja badala ya vipande vipande. Ganda la karatasi lililogandamana lilowekwe maji ya uvuguvugu kwa muda, wala usilikwangue kwa kitu cha chuma.

Osha kwa maji yenye sabuni na kitambaa laini cha pamba. Kitambaa kikavu husugua vumbi usoni na kuita vumbi jingine. Usitumie dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, wala thina, asetoni, petroli au spiriti. Ukingo uliokatwa karibuni bado una mvutano ndani yake, na vimiminika hivyo hufungua nyufa papo hapo au siku zinazofuata. Nimeona kazi safi ya siku mbili ikiharibiwa na mpanguso mmoja wa thina.

Ukikiweka kifuniko mahali pake, usikibane pembe kwa pembe. Akriliki hutanuka kwa joto kuliko mbao au chuma: bamba la mita 1 hurefuka takriban milimita 1.4 joto likipanda nyuzi 20. Kwa kifuniko chetu cha milimita 300 hiyo ni kama nusu milimita, kwa hiyo acha mwanya wa milimita moja kwenye fremu. Ukikuta kimebana, kirudishe kwenye msasa namba 320 juu ya mbao bapa na uondoe kidogo kidogo, ukikijaribisha kila baada ya mipapaso michache, mpaka kiingie kwa uzito wake chenyewe bila kusukumwa.